Vespa Haitaki Nguvu

Mwanamume aliyevaa kanzu hawezi kupanda pikipiki ya kawaida bila kujidhalilisha kidogo. Lazima aipandishe kanzu mpaka magotini, aikusanye mkononi, kisha arushe mguu juu ya siti mbele ya macho ya watu. Kwenye Vespa anaingia tu, anaketi, anaweka miguu yote miwili mbele yake, na kanzu inabaki kanzu. Pita mjini Unguja siku ya Ijumaa wakati watu wanatoka msikitini, utaziona Vespa kuukuu zimeegeshwa kando ya ukuta, na wengi wa wenyewe ni watu wa rika langu, waliokwisha kuipigia hodi sitini. Vijana wana pikipiki zao za Boxer na TVS. Hatugombani nao, kila mtu na haraka zake.

Huwa tunaambiwa kwamba tumeng'ang'ania mambo ya zamani kwa sababu ya kumbukumbu. Kumbukumbu zipo, sikatai, lakini hazimwamshi mtu alfajiri akachokonoe kabureta. Mimi naona sababu ni nyingine. Umri humpunguzia mtu nguvu, na Vespa haikuomba nguvu tangu siku ilipobuniwa. Iliomba usikivu, na wachache kati yetu tulikuwa nao huo tulipokuwa na miaka ishirini.

Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege. Helikopta yake ya mwaka 1930 iliweka rekodi za kuruka, na kampuni ya Piaggio aliyoifanyia kazi iliunda ndege za vita. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, kiwanda chao cha Pontedera kilikuwa kimepigwa mabomu, na Enrico Piaggio akataka chombo rahisi cha kuwatembeza Wataliano kwenye barabara zilizoharibika. D'Ascanio hakuzipenda pikipiki. Aliona hazina raha, mnyororo unachafua nguo, na tairi likipata pancha ni adhabu kulitoa. Basi akaunda pikipiki ya mtu asiyependa pikipiki. Injini akaibandika ubavuni mwa gurudumu la nyuma, ikilizungusha kwa meno ya gia bila mnyororo wowote. Gurudumu la mbele akalishikiza kwa mkono mmoja wa chuma, upande mmoja tu, jinsi magurudumu ya ndege yanavyoshikizwa. Mbele ya magoti ya mpandaji akasimamisha ngao ya bati. Maombi ya hataza yalipelekwa Florence tarehe 23 Aprili 1946, kwa chombo chenye injini ya sentimita za ujazo 98 na gia 3. Mimi ninaamini chombo kilichobuniwa na mtu mwenye malalamiko huwa bora kuliko kilichobuniwa na mpenzi wa chombo hicho. Mpenzi husamehe mno.

(Kijana wa Boxer anayetucheka huenda hajui kwamba Bajaj ya India, inayounda Boxer yake, ilijifunzia kazi kwa kuunda Vespa kwa leseni ya Piaggio miaka ya 1960. Na bajaji ya magurudumu matatu ni mjukuu wa chombo kingine cha D'Ascanio cha mwaka 1948, ambacho kilikuwa Vespa iliyofungwa sanduku nyuma. Kwa hiyo sisi na wao ni ukoo mmoja.)

Yangu ni PX, umbo lililotoka mwaka 1977. Injini ni ya 150, gia ni 4, tangi linachukua lita 8. Siku yake huanzia kwenye sheli, kwa sababu hii ni injini inayolainishwa na oili iliyomo ndani ya petroli yenyewe. Kwa lita 5 za petroli natia mililita 100 za oili ya 2T, asilimia 2 basi. Oili inatangulia tangini, petroli inamiminwa juu yake, na mchanganyiko unajikoroga wenyewe. Vijana wa pampu wamezoea kushika bomba huku wakitazama simu. Ukifika na chupa yako ya kipimo wanaacha simu wanakutazama wewe. Oili ikizidi, plagi inalowa na moshi unakuandama mpaka mlangoni kwako. Ikipungua, pistoni inapanuka kwa joto na kushikana na silinda, na gurudumu la nyuma linasimama ghafla wakati wewe bado unakwenda.

Hapo ndipo unapomtambua mtu aliyeijua Vespa zamani. Mtazame mkono wa kushoto akiwa barabarani: vidole viwili havitoki kwenye klachi, vimelala juu yake kwa wepesi, hata kwenye barabara iliyonyooka na tupu. Injini ikishikana ana nafasi ndogo mno ya kuibana klachi na kuliacha gurudumu lizunguke huru. Hakuna anayefundishwa jambo hili kwa maneno. Kwenye mteremko vilevile: ukifunga mkono wa mafuta moja kwa moja, umefunga na oili, na pistoni inakwenda mbio ikiwa kavu. Mwenye kujua hufungulia mafuta kidogo kila baada ya muda, akainywesha, hata kwetu Unguja ambako milima ni ya kuazima.

Mkono huohuo wa kushoto ndio unaobadili gia. Mguu hauna kazi hapo. Unabana klachi na kuzungusha mshikio wote pamoja na klachi yake: ya kwanza iko juu, fri inafuata, kisha ya pili, ya tatu na ya nne kuelekea chini. Kwa mgeni ni shida tupu. Anazungusha kabla ya kubana, meno yanakwaruzana, na waya unavutika. Mzoefu anafanya yote mawili kwa tendo moja, na kiganja chake kinajua mahali pa kila gia jinsi mkono wa kushoto wa mpiga udi unavyojua mahali pa kila sauti kwenye shingo isiyo na alama. Nimewaona wazee wenye magoti mabovu, wasioweza kupanda ngazi bila kushika ukuta, wakitoka gia ya nne mpaka ya pili kwenye kona ya Mlandege, katikati ya daladala na mikokoteni, na abiria wa nyuma asitikisike.

Kiki nayo watu huidhania ni kazi ya paja. Asubuhi unafungua mafuta, unavuta choki, unapiga mara ya kwanza polepole ili mafuta yavutwe, kisha unasimama na kuuacha uzito wa mwili ushuke. Ni uzito na wakati wake, basi. Kijana hupiga kwa hasira mara nyingi, plagi inalowa, na kadiri anavyopiga ndivyo anavyozidi kuizamisha. Dawa yake ni kufunga bomba la mafuta, kufungulia mkono wote ili hewa iingie, na kuipiga ikauke. Na kwanza kabisa kutulia, dawa ambayo haiuzwi dukani.

Lakini raha yenyewe, ile inayozidi mwaka hata mwaka, ni ya masikio. Injini hii ina vipande vichache sana. Haina vali za kichwani, haina maji, inapozwa na feni iliyofungwa kwenye gurudumu la sumaku. Uchache huo unafanya kila kasoro iwe na sauti yake. Ukiachia mkono wa mafuta na injini ikaendelea kupiga resi peke yake, kuna hewa inaingia pasipostahili, na mara nyingi ni sili ya krenki upande wa sumaku. Ikitoa moshi mweupe mzito usiokwisha, na oili ya gia inapungua bila kuvuja chini, basi sili iliyochoka ni ya upande wa pili, wa klachi, na injini inainywa oili ya gia yake yenyewe. Fundi ninayemwendea kule Ng'ambo hanishikii spana kabla ya kusikiliza. "Ami, washa," huniambia, "kisha usiseme nami." Huinamisha kichwa, hufunga macho, huomba iongezwe mafuta, iachiwe, iongezwe tena. Baadaye hufungua plagi na kuipeleka kwenye mwanga. Ikiwa hudhurungi, anairudisha bila neno. Ikiwa nyeusi na mbichi, au nyeupe iliyoungua, ndipo kabureta inaposhushwa.

Fundi wa pili ninayemstahi hagusi injini kamwe. Vespa haina fremu ya mabomba ambayo bodi imevikwa juu yake. Bati lake ndilo fremu, tangu ngao ya mbele, chini ya miguu, mpaka chini ya siti. Kwa hiyo kutu kwenye sakafu ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Nasi tunaishi kisiwani. Upepo wa chumvi unaingia kila mahali, maji ya masika yanatuama chini ya raba ya kukanyagia, na mwenye Vespa asiyeinua raba hiyo kila mara atakuja kuiona barabara kupitia sakafu. Sisi huosha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na kupaka oili chakavu kwa chini. Ikishindikana, ni kwa fundi wa bodi.

Wapo mafundi wa bodi wanaojaza mashimo kwa putii na kupiga rangi juu. Kwa mwaka mmoja inapendeza. Huyu ninayemsema hukata mpaka afikie bati zima, linalong'aa, hata kama ni kukata nusu ya sakafu. Hukunja kipande kipya kwa nyundo ndogo na kipande cha chuma anachokishika kwa nyuma, akigonga pasipo haraka, akipitisha kiganja baada ya kila mapigo machache. Hatazami sana. Jicho, anasema, linadanganywa na rangi na kivuli, kiganja hakidanganyiki. Mbavu zile mbili za nyuma, zilizovimba kwa ustadi mkubwa, hazina mahali hata pamoja palipo bapa, na kuzirudisha baada ya kugongwa ni kazi ya siku kadhaa. Nimekaa kwenye gunia la karakana yake nikimtazama, na sikuona kama nimepoteza asubuhi.

Malalamiko ya D'Ascanio kuhusu tairi nayo yana faida kwa mtu mwenye mgongo wa umri. Gurudumu la PX linatolewa kwa kufungua nati 5 kwenye kitovu chake, na rimu imegawanyika vipande viwili vinavyoachana, tairi na tyubu vikatoka bila kuvitia vyuma na kusukumana navyo. Tena la akiba unalo, ubavuni. Nimewahi kuwapita vijana watatu wakisukuma pikipiki yao mpya juani kutafuta wa kuziba pancha. Niliwapa salamu.

Na salamu ndiyo kipimo changu cha mwendo. Kwetu salamu ina sehemu zake: hali, watu wa nyumbani, habari za huko utokako. Kwa kilomita 30 kwa saa inawezekana kuikamilisha na mtu aliyeketi barazani, tangu anapokuona mpaka unapompita. Kwa 80 unapiga honi tu, na honi si salamu. Nikitoka mjini kwa njia ya Mtoni na Bububu, kisha nikakunja kuingia Kizimbani, sifikishi 60, na wakati wa karafuu unaijua mikeka ya kuanikia iko wapi kwa pua kabla hujaiona.

Sisemi kwamba ni chombo kisicho na ila. Magurudumu ya inchi 10 huzama kwenye shimo ambalo pikipiki kubwa ingelivuka, na mchanga wa kando ya lami ni adui. Injini iko kulia, kwa hiyo mtu hujikuta akiegemea kushoto kidogo bila kujijua. Breki za dramu zinataka uanze kufikiri mapema, jambo ambalo usiku, kwa macho yetu haya, linamaanisha kubaki nyumbani. Moshi wake pia si wa kujivunia. Kama wote tungepanda Vespa, Darajani pasingepumulika, na nafurahi kwamba tumebaki wachache.

Mpwa wangu ana Boxer, na ni pikipiki nzuri, haina makuu. Lakini kila harusi ikikaribia huja kuniamkia mapema kuliko kawaida yake. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, ufunguo uko mahali pake." Mwanzoni aliitazama mikono yake kila alipobadili gia, na meno yalilia mpaka majirani wakanipa pole. Juzi nilikuwa barazani nikamsikia anakuja kutoka mbali. Akaishusha ya tatu, akaishusha ya pili, akaingia kona, na sikusikia mkwaruzo. Aliposimama, vidole viwili vilikuwa bado juu ya klachi. Sikumwambia kitu. Nimemwita Jumapili aje tuinue raba ya sakafu, na nimemtaka avae nguo chakavu.