Aliyemkamua Ng'ombe

Sentensi ya kwanza ya Kiingereza kwa mtoto wa kijiji cha Kirolirwe inafaa iwe na ng'ombe ndani yake. Huku kwenye malisho ya Masisi, mashariki mwa Kongo, kando ya barabara itokayo Sake kwenda Kitchanga, mtoto huanza kushika fimbo ya machungani kabla ya kushika kalamu, na jibini ya maziwa ya wilaya hii huliwa hadi Goma. Basi mwalimu aandike ubaoni: "The boy milks the cow." Kisha aulize bila istilahi yoyote: nani anakamua? Anamkamua nani? Jibu la kwanza ni kiima, la pili ni yambwa, na katikati kimesimama kitenzi. Halafu abadilishe nafasi za mvulana na ng'ombe, awaache wanafunzi wacheke. Kicheko hicho ni dalili kwamba somo limeingia.

Nataka kuisifu kazi hii kwa sababu wengi huiona ndogo. Mkufunzi wa fasihi hupewa heshima. Wa kiima na kitenzi huhesabiwa kuwa anapitisha muda tu. Lakini tazama anayemfundisha. Kiingereza kinapomfikia mtoto huyu katika sekondari, tayari ana Kihunde au Kinyarwanda cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni, Kifaransa cha vitabuni. Hakosi sarufi, anazo kadhaa, na kila moja ina desturi zake.

Kwa Kiswahili tunasema, "Maziwa ameyanywa mtoto," na hakuna anayepotea. Kitenzi chenyewe kimebeba wote wawili, mnywaji na kinywewa, hivyo maneno yana uhuru wa kuhama. Kinyarwanda huenda mbali zaidi: huruhusu kitenzi kifuate upatanisho wa maziwa, na bado kila mtu ajue kwamba mtoto ndiye aliyekunywa. Kiingereza hakina anasa hiyo. Mwanafunzi akiandika "The milk drank the child," amefuata desturi halali ya kwao katika lugha isiyoijua. Mwalimu hodari haweki alama nyekundu akapita. Humwonyesha kwamba katika Kiingereza nafasi ya neno ndiyo inayofanya kazi ambayo kwetu hufanywa na viambishi.

Mwaka 1877 walimu wawili wa Marekani, Alonzo Reed na Brainerd Kellogg, walichapisha namna ya kuichora sentensi: mstari wa mlalo, kisha mstari mfupi wa wima unaoukata kati ya kiima na kiarifu. Mbinu hiyo haidai kitabu wala umeme, chaki inatosha. Shule ambayo mshahara wa mwalimu bado unategemea kwa sehemu michango ya wazazi inaweza kuitumia kesho asubuhi.

Kisha ije mvua, ambayo hapa milimani haikosekani. Sisi husema mvua inanyesha, na mvua yenyewe ndiyo kiima. Mwingereza husema "It is raining," na ukimuuliza hiyo "it" ni nani, hana jibu. Sentensi yake haikubali kiti cha mbele kibaki wazi, hata pasipo na wa kukikalia. Hapo mtoto hujifunza jambo kubwa: anayekaa mahali pa kiima si lazima awe mtenda.

Jambo hilo lina uzito Kirolirwe. Vita vimekuwa vikiijia Masisi tangu 1993. Kijiji hiki kilikuwa ngome ya CNDP, kundi la waasi la Laurent Nkunda, mwaka 2007 na 2008, na mapigano ya waasi wa M23 yakarudi katika wilaya hii mwaka 2023. Taarifa nyingi juu ya eneo hili huandikwa kwa Kiingereza, ambacho pia ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoipokea Kongo mwaka 2022. Ndani yake hujaa sentensi za aina hii: "The cows were taken." Kiima kipo, kitenzi kipo, sarufi haina kasoro. Ila ng'ombe, walioporwa, ndio wamewekwa mbele, na aliyewachukua hayumo.

Mwalimu mwenye busara hawalazimishi watoto wamtaje mchukuaji darasani. Kutaja jina kunaweza kumgharimu mtu uhai. Inatosha waone kwamba nafasi ya mtenda ipo na imeachwa tupu, na kwamba kuiacha tupu ni uamuzi wa mwandishi. Atakayehitimu na ujuzi huo anaweza kukosea matamshi na kusahau nusu ya msamiati, lakini akiletewa tangazo la serikali, la waasi au la shirika la misaada, atalisoma kwa swali alilofundishwa siku ya kwanza: nani katenda, na katendewa nani? Mtihani wa serikali hauna alama za swali hilo. Mwalimu anayelifundisha hata hivyo ndiye ninayemsifu.