Pessoa Hakuwa Mtu wa Akiba

Uamuzi wa Brazil kumweka Rodrigo Pessoa akiba kwenye Olimpiki ya Rio 2016 ulikuwa mbovu siku ulipotangazwa, na miaka yote hii sijasikia hoja ya kuusafisha. Huyu ni mtu aliyepanda farasi katika Olimpiki sita mfululizo, kuanzia Barcelona 1992 hadi London 2012. London ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake. Ana dhahabu ya Athens, ubingwa wa dunia wa 1998 na Kombe la Dunia mara tatu mfululizo. Michezo inakuja nyumbani kwao, viwanja viko Deodoro, mpangaji wa viunzi ni Mbrazili mwenzake Guilherme Jorge, halafu anaambiwa akae akiba.

Kocha wa Brazil wakati huo alikuwa Mmarekani George Morris, mwenye fedha ya timu ya Rome 1960. Hoja ya waliomtetea ilikuwa farasi: kwamba Pessoa hakuwa tena na mnyama wa daraja la Baloubet du Rouet, na kwamba mchezo huu hauchezwi kwa majina. Nusu ya kwanza naikubali. Baada ya Baloubet hakupata mwingine kama yule, na sidhani kama kuna mpanda farasi aliyempata. Lakini nafasi ya nne katika timu haitafuti farasi wa kushinda dhahabu ya mtu mmoja. Inatafuta mtu ambaye mambo yakiharibika ataingia uwanjani, atapita viunzi vyote kwa utulivu na kuwarudishia wenzake pumzi.

Na mambo yaliharibika siku ya kwanza tu. Tarehe 14 Agosti, Stephan Barcha aliondolewa baada ya wakaguzi kuona alama za vyuma vya visigino ubavuni mwa farasi wake. Brazil ikabaki na watu watatu. Mliotazama mnakumbuka maana yake kwa kanuni za wakati ule: timu ina wanne, zinahesabiwa alama za watatu, mbovu kuliko zote inatupwa. Ukibaki na watatu huna cha kutupa.

Tarehe 16 watatu hao walifanya kazi kubwa. Walimaliza mzunguko wa kwanza bila kosa hata moja, sawa na Ujerumani, Uholanzi na Marekani. Kesho yake miti ikaanza kuanguka, na wakamaliza wa tano.

Watu husema ni bahati. Mimi naiona kwenye hatua. Mpanda farasi anayejua kwamba nyuma yake kuna mwenzake wa kufuta kosa lake hukiendea kiunzi kipana kwa mwendo aliotoka nao kwenye kona. Asiye na mtu nyuma yake huanza kupima. Mkono unavuta hatamu kidogo, mgongo unakaa nyuma, farasi anaongeza hatua moja fupi ambayo haikuwamo kwenye hesabu, na anapofika mguuni mwa kiunzi nguvu ya kuruka imeshapungua. Anauvuka mti wa mbele, kisha kwato za nyuma zinaugusa wa pili. Alama nne. Rudieni mzunguko wa pili wa Brazil mkitazama mikono ya wapandaji badala ya miguu ya farasi.

Najua nitakumbushwa Wamarekani. Nao walibaki watatu siku ile ya pili, baada ya Beezie Madden kumwondoa farasi wake Cortes aliyeumia, na wakachukua fedha. Sawa. Lakini katika watatu waliobaki alikuwepo McLain Ward, mtu ambaye tayari alikuwa na dhahabu mbili za timu. Brazil ilikuwa na Doda Miranda, ambaye ana shaba za Atlanta na Sydney na ninamheshimu. Aliyekuwa pamoja naye kwenye timu zote mbili hizo, aliyeonja mabaya na mazuri ya uwanja huu kuliko Mbrazili mwingine yeyote wa kizazi chake, ndiye waliyemwacha nje.

Nikisema mabaya, nina maana ya Sydney 2000. Fainali ya mtu mmoja mmoja, Baloubet ndiye tegemeo la kila mtu, na katika mzunguko wa mwisho farasi anagoma mara tatu. Dhahabu ikaenda kwa Mholanzi Jeroen Dubbeldam, na shaba ikaenda kwa Khaled Al Eid wa Saudi Arabia, siku ambayo mashabiki wa Ghuba hawajaisahau. Wengine wangemuuza farasi yule au wangembadilishia mpandaji. Pessoa alirudi naye mazoezini, na miaka minne baadaye akafika naye Athens na kupata fedha, iliyogeuka dhahabu mwaka 2005 baada ya farasi wa Cian O'Connor wa Ireland kukutwa na dawa zisizoruhusiwa. Hong Kong 2008 zamu ikawa yake: farasi wake Rufus akakutwa na dawa, akafutiwa matokeo. Hilo ni doa na litabaki kwenye jina lake. Lakini kwangu mimi mwalimu alianza kuonekana hapo Sydney, katika subira ya kumjenga upya mnyama aliyemwaibisha mbele ya dunia.

Nafasi ya akiba aliikataa, akaitwa mwenye majivuno. Mimi simwoni na majivuno. Mtu wa miaka 43, mwenye rekodi ile, alikuwa na haki ya kusema hapana, na Brazil ilikuwa na wajibu wa kujua angesema hapana kabla ya kumtangaza.

Kilichofuata kimewajibu waliomwona amekwisha. Mapema 2017 Ireland ikamfanya kocha wa timu yake, na Agosti mwaka huohuo, Gothenburg, wakawa mabingwa wa Ulaya kwa mara ya kwanza tangu 2001, O'Connor yuleyule wa Athens akiwa mmoja wa wanne wake. Mwaka 2019 wakashinda fainali ya Kombe la Mataifa Barcelona na kukata tiketi ya Tokyo. Mwisho wa mwaka akaondoka.

Linalonikera zaidi ni kwamba Brazil iliwahi kujua kupanga timu. Mwaka 1992 ilimpeleka Barcelona Nelson Pessoa, baba yake Rodrigo, akiwa na miaka 56, na ikampeleka Rodrigo mwenyewe akiwa na miaka 19. Nelson ndiye aliyehamia Ulaya miaka ya sitini, akawa bingwa wa Ulaya 1966, akashinda Derby ya Hamburg mara saba. Mtazameni kwenye picha za zamani akiwa juu ya Gran Geste: kisigino kimeshuka, mkono unafuata mdomo wa farasi, kiuno hakipigi kelele. Siku hizi wapandaji wengi wanabebwa na farasi wa mamilioni, halafu tunaita ufundi. Wateuzi wa 1992 walitazama mkono wa mzee na mkono wa kijana, hawakutazama vyeti vya kuzaliwa wala bei ya farasi.

Na kanuni nayo imezidi kuharibika. Tangu Tokyo kila timu ina watatu, na hakuna alama ya kutupwa. Nimelipinga jambo hili tangu lilipotangazwa na nitaendelea kulipinga, kwa sababu linamlazimisha mtu kumsukuma farasi aliyechoka au aliyeogopa hadi mwisho wa viunzi, maana akimtoa uwanjani timu nzima imekwisha. Pessoa alirudi Tokyo, na Paris 2024 ikawa Olimpiki yake ya nane, safari hii juu ya Major Tom. Damu ikaonekana ubavuni mwa farasi wa mwenzake mmoja, na Brazil yote ikatolewa kabla ya fainali. Mwaka 2016 kosa la aina hiyohiyo liliwaachia angalau watatu wa kupigania medali.

Los Angeles 2028 ikifika atakuwa na miaka 55, mwaka mmoja pungufu ya ule wa baba yake Barcelona. Awe juu ya tandiko au kwenye kiti cha kocha, wapo watakaoleta tena hoja ya farasi. Wateuzi wa Brazil waketi kwanza waitazame mikanda ya Deodoro.