Kapu la Surabaya na siri ya mbegu

Nyanyua kiroba cha taka cha nyumba yoyote ya Dar es Salaam asubuhi kabla wazoa taka hawajapita. Kinachokuvuta mkono si chupa wala karatasi. Ni maganda ya ndizi na viazi, machicha ya nazi, ukoko, makokwa ya maembe, mchicha ulionyauka kabla haujapikwa. Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, mazungumzo yetu ya taka yameng'ang'ania plastiki, na haki yake, maana ndiyo inayoziba mitaro. Lakini kwenye mizani plastiki ni nyepesi. Katika miji mingi ya ukanda wetu zaidi ya nusu ya uzito wa taka za majumbani ni vitu vinavyooza, na maganda ya mboga na matunda kwa sehemu kubwa ni maji matupu. Kwa hiyo tunalipia lori lichukue maji jikoni kwetu na kuyapeleka dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako masalia hayo yakishafukiwa na kukosa hewa hutoa methani.

Mji ulioamua kulishughulikia jambo hili kuanzia jikoni ni Surabaya, bandari ya Indonesia yenye watu karibu milioni 3. Mwaka 2001 dampo lake la Keputih lilifungwa baada ya wakazi wa jirani kulikataa, na taka zikarundikana mitaani. Miaka michache baadaye, kupitia ushirikiano na jiji la Kitakyushu la Japani, alifika mtaalamu aitwaye Koji Takakura, akafanya kazi na asasi ya wenyeji iitwayo Pusdakota. Kilichozaliwa hapo kikapewa jina lake: kapu la Takakura. Kwa macho ni tenga la plastiki lenye matundu, lile la kutilia nguo chafu. Wanaosimulia habari hii wengi huishia kwenye tenga. Kwangu mimi tenga ndilo jambo dogo kuliko yote.

Tazama kilichomo ndani. Mboji tuliyofundishwa shuleni huanza na taka: unachimba shimo, unajaza, unasubiri vijidudu vije vyenyewe. Wakati unasubiri, lundo limelowa na kujibana, na vijidudu visivyohitaji hewa vinatangulia kufika. Hapo ndipo harufu inapozaliwa, nzi wakifuata. Takakura aligeuza mpangilio. Alianza na vijidudu vilivyokwisha kuzaliana kwa mabilioni, akalijaza kapu zaidi ya nusu kwa hiyo mbegu, ndipo taka zikaingia kidogo kidogo, kilo moja hivi kwa siku. Taka ni mgeni mmoja kwenye ukumbi uliojaa wenyeji wenye njaa. Haipati nafasi ya kunuka.

Na mbegu hiyo haikutoka Japani. Ilitengenezwa kwa vyakula vya uchachu vya pale pale: tempe ya soya, tape ya muhogo. Unavikoroga kwenye maji ya sukari na kuviacha siku kama nne. Ndoo ya pili ina maji ya chumvi yenye maganda ya matunda na mboga. Vimiminika vyote viwili vinamwagiwa kwenye mchanganyiko wa maganda ya mpunga, pumba laini na majani yaliyooza, kisha rundo linafunikwa kwa kitambaa. Siku ya tatu au ya nne ukungu mweupe unatanda juu na rundo linapata joto. Vijidudu vya mahali vimeshazoea joto la mahali na chakula cha mahali, na malighafi yake inauzwa gengeni. Mtu asingehitaji kuagiza chupa ya unga wa kigeni kila mwezi, jambo ambalo lingeua mradi kimya kimya.

Nilipojaribu nyumbani, nafasi ya tempe na tape ilichukuliwa na mtindi, hamira na togwa. Mpunga ndio ulionipa somo. Madukani neno "pumba" linabeba vitu viwili ambavyo kwa kazi hii havifanani kabisa. Pumba laini, ile ya kulishia kuku, ni chakula cha vijidudu. Maganda magumu ya mpunga, yanayorundikwa nyuma ya mashine za kukoboa, hayaliki kirahisi: karibu moja ya tano ya uzito wake ni silika, madini yale yale ya mchanga. Ndiyo sababu yanafaa. Yanakaa kama vijiti vidogo vinavyoachia njia za hewa huku mengine yote yakioza. Mimi nilinunua pumba laini peke yake, nikajisifu kwa bei. Wiki ya pili nikatia machicha ya nazi na mchuzi wa samaki uliobaki.

Shangazi yangu, aliyekuja kutoka Tanga kwa mapumziko, alisimama kibarazani akaziba pua.

"Mwanangu, unafuga nini humu?"

"Vijidudu, shangazi."

"Basi vimekufa."

Alikuwa karibu na ukweli. Vilivyokufa ni vile vinavyotaka hewa. Kipimo chake ni cha mkono: fumbata konzi ya mchanganyiko, ubane. Ukiachia, donge libaki bila kuchuruzika. Langu lilitoa maji kama dafu. Nilimwaga kila kitu kwenye turubai, nikachanganya maganda magumu na boksi lililochanwachanwa, nikalipindua rundo asubuhi na jioni. Kwa siku mbili harufu ikakatika. Tangu hapo mchuzi nauchuja, mafuta hayaingii, na maganda ya ndizi nayakata vipande vidogo, kwani kisu hukiongezea kijidudu mlango wa kuingilia.

Linalowashangaza wageni ni kwamba kapu halijai. Kila usiku bakuli moja linaingia, na baada ya wiki kadhaa kina ni kile kile. Hakuna muujiza. Ukitia kiganja katikati unahisi uvuguvugu. Joto hilo linayakausha maji yaliyomo, na kaboni inatoka kama hewa ukaa. Likikaribia ukingo hatimaye, unatoa sehemu kubwa uiache ikomae wiki mbili hivi, na theluthi inabaki kuwa mbegu ya duru inayofuata.

Hata hivyo mbegu peke yake isingeubadili mji wa watu milioni 3. Surabaya iligawa maelfu ya makapu bure, lakini makapu ya bure tunayajua: wiki ya tatu yanatiwa vitunguu. Kilichoyaokoa ni akina mama wa mitaa, waliofunzwa kama makada wa mazingira, waliopita nyumba kwa nyumba kuangalia nani kapu lake limelowa. Gazeti la Jawa Pos nalo likashirikiana na jiji kushindanisha mitaa kwa usafi. Halafu kuna jambo la kiofisi ambalo naliona lina uzito kuliko yote hayo: usafi na bustani vilikuwa idara moja, iliyoongozwa na Tri Rismaharini kabla hajawa meya mwaka 2010. Jiji likajenga vituo vyake vya mboji kwa ajili ya taka za masoko na majani ya barabarani, na mboji ikaenda moja kwa moja kwenye bustani za umma. Aliyezoa ndiye aliyehitaji. Ndani ya miaka kama minne taka zilizokuwa zikifika dampo zilipungua kwa zaidi ya asilimia 20.

Kwetu kamba inayomuunganisha anayezoa na anayehitaji imekatika mahali fulani. Nyumbani kwangu kiroba kilichokuwa kikijaa mara mbili kwa wiki sasa kinajaa mara moja, kikavu, unakibeba kwa vidole viwili. Mwisho wa mwezi nilimuuliza kijana wa mkokoteni kama ada itashuka. Alikipima kwa mkono, akacheka.

"Dada, sisi tunahesabu milango. Kilo hatuhesabu."