Robo ya Mzunguko

Kabla ya kulitazama, fundi alilipapasa. Kiganja chake kilishuka polepole kwenye ukingo wa shingo ya gita, kutoka kichwani hadi kiwiliwilini, kama mfugaji anavyopitisha mkono kwenye mbavu za ndama aliyemnunua mnadani. Akasita mahali, akarudi nyuma kidogo, akapapasa tena.

"Freti zimechomoza," akamwambia kijana aliyelileta. "Besi yako imekauka."

Ilikuwa Februari, Bondeni, mjini Nakuru. Kijana alikuwa mpiga besi wa kanisa moja upande wa Lanet. Alikuja na malalamiko ambayo kila mpiga besi wa Bonde la Ufa huyajua miezi hiyo: akibonyeza uzi mnene karibu na kichwa cha gita, sauti haitoki safi, inakwaruza kama nyuki aliyenaswa ndani ya chupa. Alikuwa ameshaamua kwamba nyuzi zimechoka. Rafiki yake alikuwa amemwambia gita lenyewe ni bovu.

Fundi hakubishana naye. Aliliinua gita, akakiweka kichwa cha gita karibu na jicho lake la kulia, akafumba la kushoto, akauelekeza mkia mlangoni kwenye mwanga. Maseremala wa Elburgon huutazama ubao hivyo hivyo kabla ya kutoa pesa. Alikaa katika hali ile kwa muda uliomfanya kijana aanze kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

"Shingo imelalia nyuma. Hebu tuirudishe, mwanangu. Lakini leo hutaondoka nayo."

Nimeyakumbuka maneno hayo ya mwisho mara nyingi kuliko yote aliyosema siku ile.

Shingo ya besi hubeba mzigo ambao macho hayauoni. Nyuzi nne zilizokazwa sawasawa huivuta kwa nguvu ya kilo 70 hadi 80, usiku na mchana, hata gita likiwa limelala ndani ya mfuko wake. Hilo si mbali sana na gunia zima la mahindi, lililotundikwa kwenye kipande cha mti chembamba kuliko mkono wa mtoto. Ndani ya mti huo umefichwa ufito wa chuma unaovutana na nyuzi ili shingo isikunjike. Kampuni ya Gibson ilipata hataza ya ufito huo mwaka 1923, na Leo Fender alipoitoa besi yake ya umeme kule California mwaka 1951, chuma kilikuwa ndani. Kwa hiyo nyuzi huvuta upande mmoja, chuma upande mwingine, na katikati yao umo mti, ambao hata ukishakatwa, ukarandwa na kupakwa vanishi, bado hunywa unyevu wa hewa na kuutapika.

Na hapo ndipo Nakuru inapoingia. Mji huu uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Januari na Februari upepo hutimua vumbi, na wazee husema jina lenyewe la mji limetokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi. Mchana jua linachoma, usiku unatafuta blanketi la pili. Mti husinyaa. Freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, hazisinyai, kwa kuwa chuma hakikauki, ndiyo maana ncha zake huchomoza pembeni na kukwaruza kiganja. Kisha mvua ndefu hufika, Machi au Aprili, nguo hazikauki kwenye kamba, chumvi hugandamana ndani ya kopo, na ile shingo iliyokuwa imelalia nyuma huvimba na kuinama mbele. Nyuzi hupanda juu. Mpiga besi anayeanza ibada saa tatu hufika saa sita vidole vikimuuma, na hajui kwamba aliyemuumiza ni hewa.

Fundi alikuwa na kifaa kimoja cha kupimia. Hakikuwa rula, wala zile bapa za chuma ambazo makanika hupimia nafasi za vali. Ilikuwa kadi ya kukwangua ya kuweka salio la simu, ya shilingi 100, iliyokwanguliwa zamani, kona zake zimekuwa mviringo kwa kushikwashikwa. Alibonyeza uzi kwenye freti ya kwanza kwa mkono wa kushoto, akaubonyeza tena kwenye freti ya mwisho kwa kiwiko cha mkono wa kulia, mkao mgumu kwa mtu wa umri wake, kisha kwa vidole vilivyobaki huru akaichomeka kadi chini ya uzi kwenye freti ya saba. Kadi ikipita huku inaugusa uzi kidogo tu, shingo iko sawa. Ikipita bila kugusa chochote, shingo imeinama mbele mno. Ikikataa kuingia, imenyooka kupita kiasi au imelalia nyuma. Siku hiyo ilikataa kabisa.

Nilimuuliza kwa nini shingo isinyooshwe tu kama rula. Aliupiga uzi mnene kwa kidole gumba, akanionyesha kwa kidole kingine jinsi unavyotanuka katikati unapotetemeka, mpana kama tumbo la samaki. "Utapita wapi?" akaniuliza. Nafasi ambayo uzi unahitaji ili utetemeke ni unene wa kadi ile, milimita 0.3 hivi, na sijawahi kuona kazi kubwa namna hiyo ikitegemea nafasi ndogo namna hiyo. Benga yote niliyoipenda utotoni imesimama juu yake.

Alikuwa na kadi moja tu. Siku hizi watu hununua salio kwa M-Pesa, na kadi za kukwangua zimeadimika. Aliihifadhi ndani ya Biblia yake ndogo, iliyokaa rafuni juu ya makopo ya risasi ya kulehemu.

Kisha akachukua ufunguo wa aleni, akauingiza kwenye tundu lililo kichwani mwa gita, akauzungusha kushoto. Nasema akauzungusha, lakini aliyekuwa mbali asingeona lolote. Ilikuwa robo ya mzunguko, na pengine haikufika hata robo. Akazikaza upya nyuzi hadi sauti zake, akalitundika gita ukutani mbali na mlango, akamwambia kijana arudi kesho. Mti hautii amri papo hapo. Hulegea taratibu, usiku, pasipo mtu kuutazama. Anayeongeza robo nyingine kwa sababu hakuona badiliko katika dakika tano ndiye anayevunja chuma ndani ya shingo, na hapo hata fundi hana la kufanya. Mvua ikija na ufunguo ukabidi uzungushwe kulia, yeye huanza kwa kulegeza nyuzi, ili chuma kisipambane na kilo 80 kwa ghafla. Na kwa magita yale ya mtindo wa kale, ambayo nati yake imefichwa kwenye kisigino cha shingo, huing'oa shingo nzima, akazungusha, akairudisha, akapima, na ikiwa bado akaing'oa tena. Nimemwona akifanya hivyo mara nne kwa gita moja bila kuguna.

Miaka mingi iliyopita nilifuatana na bendi moja kutoka Nakuru hadi Marigat, kwenye sherehe ya harusi. Ni kilomita 100 hivi, na njia yote unateremka, hadi mahali palipo juu ya bahari kwa zaidi kidogo tu ya mita 1,000, ambako joto hukupokea kama mlango wa tanuri. Vyombo vilifika Alhamisi. Besi ikaachwa nyuma ya pikapu, juani, kwa siku mbili. Jumamosi bwana harusi alipoingia, mpiga besi alipiga nota ya kwanza na nusu ya shingo ikawa bubu, nyuzi zimelala juu ya freti. Alicheza harusi nzima kwenye freti za juu tu, karibu na kiwiliwili, akitafuta mahali ambapo uzi bado ulipumua. Wageni walicheza. Yeye hakumtazama mtu yeyote usoni mpaka tuliporudi. Laiti mmoja wetu angejua robo ile ya mzunguko.

Waliotutangulia hawakuhitaji kuambiwa kwamba chombo huishi na hali ya hewa. Kinubi cha Wakipsigis kina ngozi, na ngozi hulegea kwa unyevu. Chombo cha ngozi kwanza huoteshwa moto, ndipo kinapigwa. Mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alipofika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi, alikuta wasichana wakiimba, kwa kinubi, juu ya Chemirocha, jina walilompa Jimmie Rodgers, Mmarekani mwenye gita waliyemsikia kwenye santuri. Gita lilifika huku kama sauti kabla halijafika kama mti. Baadaye kampuni ya Chandarana ya Kericho ikatoa santuri za Wakalenjin na za Waluo, na zilipokuwa zikichezwa nyumbani kwetu, mimi niliisikiliza besi kwanza. Kila ninaposikia santuri hizo sasa, nawaza juu ya mikono iliyozitunza shingo zile, iliyozipeleka kutoka baridi ya mashamba ya chai hadi ukumbi uliojaa watu na jasho.

Sasa tumekuwa watu wa namna gani? Kanisa huchanga pesa kwa miezi, hununua besi mpya, huiombea, kisha huiegemeza ukutani chini ya paa la mabati, ambako mchana panachoma na alfajiri panatiririka umande. Baada ya misimu miwili nyuzi zimepanda hadi kidole kinapita chini yake. Mtu husema gita limekufa. Linapelekwa stoo, nyuma ya viti vya plastiki, na kamati inaanza kuchanga upya. Au besi inaachwa kabisa, na mtu mmoja mwenye kinanda cha umeme anapiga kila kitu kwa mkono wa kushoto. Siwalaumu vijana. Hakuna aliyewaonyesha. Lakini inaniuma kuona kitu kikitupwa kwa kukosa dakika moja ya mkono na usiku mmoja wa subira.

Na hali ya hewa yenyewe imeacha kushika miadi. Fundi alinieleza kwamba zamani alijua miezi ya kazi yake: Januari kuzungusha kushoto, Aprili kulia. Ukaja ule ukame wa kuanzia 2020 hadi 2022, misimu ikapita bila mvua, na Baringo ikateketea. Kisha Aprili 2024 mvua ikanyesha kana kwamba inalipa deni la miaka yote, mafuriko yakaua watu wengi Mai Mahiu, na ndani ya kibanda cha Bondeni kuta zikatoka ukungu. Magita aliyoyalegeza kwa ukame yakarudi yote kwa mpigo. Alikuwa peke yake. Wanawe wawili wako Nairobi, hakuna anayejua kuzungusha ufunguo ule, na yeye hajawahi kuwalazimisha.

Yule kijana wa Lanet alirudi kesho yake baada ya saa nane. Kadi ikapita chini ya uzi, ikiugusa kidogo tu. Akapiga uzi mnene, nota ikatoka nzima, nzito, ikatetemesha makopo rafuni. Fundi akamtoza shilingi 300, akamwambia amwone tena mvua zikianza.

Wewe unayesoma haya, ikiwa kanisani kwenu au nyumbani kwenu kuna besi, nenda kaitazame leo. Iondoe ukutani, iondoe dirishani, ilaze ndani ya mfuko wake. Halafu mtafute fundi kama huyu wakati bado yupo, na umwombe akuonyeshe kwa mkono wako mwenyewe robo ya mzunguko ni kiasi gani.