Kila mshale wa dawa una kitenzi chake

Wanafunzi wa famasia nchini, katika Chuo Kikuu cha Nairobi na hata KMTC, hufunzwa kwa Kiingereza. Somo la jinsi dawa zinavyoathiriana ni gumu, hivyo hurahisishwa kwa picha: mishale kutoka dawa moja hadi nyingine, majedwali ya rangi nyekundu, manjano na kijani. Mbinu hiyo husaidia kumbukumbu. Kasoro ninayoiona ni ya lugha.

Dhana yenyewe tunaiita ‘mwingiliano wa dawa’. Kauli ya kutendana iliyomo humo inaashiria kwamba dawa zote mbili zinatenda. Aghalabu sivyo. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulifanya ini liiondoe upesi mwilini dolutegraviri, dawa ya kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Ndiposa mgonjwa anayezitumia zote mbili hupewa dolutegraviri miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Moja inatenda, nyingine inatendwa. Mshale unalionyesha hilo, nomino inalificha.

Sasa mpeleke mwanafunzi huyo kwenye duka la dawa kule Makina, Kibera, au Gatina, Kawangware. Mteja anayemeza dolutegraviri anataka dawa ya kiungulia. Ikiwa na magnesiamu au alumini, madini hayo hunasa dolutegraviri tumboni isifyonzwe. Kanuni ni kuimeza muda wa saa mbili kabla ya dawa ya kiungulia, au saa sita baada yake. Lakini mteja akiambiwa ‘saa mbili’ na ‘saa sita’, anaelewa asubuhi na adhuhuri. Akichorewa saa yenye mkono kwenye 2, anasoma saa nane! Picha haikumwokoa.

Wasanifishaji watasema wingi wa ‘saa’ ni ‘saa’. Sawa, lakini mtu wa mtaani asemapo ‘masaa mawili’ ametenganisha muda na wakati, jambo ambalo usanifu wetu haujalifanya kwa neno moja. Dirishani pa duka la dawa, mimi naunga mkono ‘ngoja masaa mawili yaishe’.

Walimu wasiitupe michoro. Wamtake mwanafunzi asome kila mshale kwa sauti, kwa Kiswahili chenye kitenzi: ‘hii inapunguza nguvu ya ile’, ‘hii inazidisha sumu ya ile’. Asipoweza, amekariri rangi tu, na atakayelipa ni mgonjwa ambaye virusi vyake vitaizoea dawa.