Kuungama kwa fimbo: juu ya kitabu «Mau Mau Detainee» cha J. M. Kariuki

Kitabu tunachowaeleza hapa si kipya. Kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru wake. Mwandishi, Josiah Mwangi Kariuki, alikamatwa mwaka 1953 wakati wa vita vya Mau Mau. Akazungushwa katika kambi 14 kwa muda wa miaka 7, pasipo kuhukumiwa na mahakama yo yote. Hakuwaandikia mapadri wala waseminari. Lakini kitabu chake kinatuhusu sana, kwa sababu ya neno moja lililotawala kambi zile, nalo ni neno letu: kuungama.

Tueleze kwanza mambo yenyewe. Mwezi wa 10 mwaka 1952 serikali ya Kiingereza ilitangaza hali ya hatari katika Kenya. Mwezi wa 4 mwaka 1954 askari waliuzunguka mji wa Nairobi, wakakamata watu maelfu kwa maelfu. Watu walipitishwa mbele ya wapelelezi waliofunikwa gunia kichwani, lenye matundu ya macho tu. Mpelelezi akitikisa kichwa, basi, mtu amekwisha kuwa mfungwa. Serikali yenyewe ilihesabu wafungwa wapata 80.000, wako wataalamu wa historia wanaosema walikuwa wengi kupita hapo. Walipelekwa Manyani, Mackinnon Road, Lodwar na visiwa vya Ziwa Viktoria. Wakagawanywa kwa rangi: weupe, wa kijivu, weusi. Aliyekiri kwamba amekula kiapo cha Mau Mau alisogezwa hatua kwa hatua, kambi kwa kambi, mpaka kwao. Aliyekataa alibaki na kazi ngumu na fimbo.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Uzuri wa kwanza wa kitabu hiki ni kwamba aliyekiandika alikuwa ndani. Anasimulia mapigo, njaa na ndoo za choo bila kupiga makelele. Tena haonyeshi mateso tu. Anaonyesha namna wafungwa walivyojiwekea sheria zao, wakafundishana kusoma na kuandika, wakatuma barua kwa siri kwa wakubwa wa serikali, ijapokuwa yeye alipigwa vikali kwa ajili ya barua hizo. Uzuri wa pili ni kwamba anaandika bila chuki. Aliyeteswa namna ile na asiandike kwa kulipiza kisasi, huyo anastahili kusikilizwa.

Sasa turudi kwenye neno letu. Katika sakramenti ya Kitubio mtu anakuja kwa hiari yake. Anasema dhambi zake yeye, si za jirani. Anasema kwa siri, na mwisho wake ni maondoleo. Kule kambini mtu aliletwa kwa nguvu. Alitakiwa kutaja na wenzake. Maneno yake yaliandikwa, na mwisho wake ulikuwa faili mikononi mwa ofisa. Neno ni moja, jambo ni kinyume kabisa. Na jambo la kutuhuzunisha ni hili: wahubiri wa madhehebu mbalimbali, Wakatoliki pia, waliingia kambini kuwahimiza wafungwa waungame namna hiyo. Wengi wao walidhani wanaokoa roho. Hawakuona kwamba wamekopesha neno takatifu kwa mwenye fimbo. Wachache walisema wazi, kama mchungaji wa Kiskoti David Steel, aliyehubiri Nairobi mwaka 1955 juu ya maovu yale.

Njia hii ilifika wapi? Mwaka 1957 mwanasheria mkuu wa serikali ile, Eric Griffith-Jones, alimwandikia gavana kwamba ikiwa ni lazima watende dhambi, basi waitende kimya kimya. Tarehe 3 mwezi wa 3 mwaka 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa wakafa. Kwanza wakubwa walisema kwamba walikufa kwa kunywa maji. Ilipita zaidi ya miaka 50 hata serikali ya Uingereza, mwaka 2013, ikiri mbele ya Bunge kwamba wafungwa waliteswa, na kukubali kulipa fidia kwa watu 5.228.

Tusiwanyoshee wengine kidole upesi. Mwaka 866 Papa Nikolao I aliwaandikia Wabulgaria kwamba ungamo lazima litoke kwa hiari, wala mshtakiwa asipigwe ili akiri. Lakini mwaka 1252 Papa Inosenti IV aliruhusu mateso katika hukumu za wazushi. Eklezya ilijua ukweli, kisha ikausahau. Leo sheria ya Eklezya, kanuni 1538, inasema kwamba ungamo lililotolewa kwa nguvu au kwa hofu kubwa halina thamani mbele ya hakimu. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulihesabu mateso ya mwili na ya roho kati ya mambo ya aibu yanayomchafua anayeyatenda kuliko anayetendewa.

Kitabu kina upungufu pia. Juu ya kiapo chenyewe tungetamani mwandishi aseme zaidi. Watu wengi walikula kiapo kwa kuogopa jirani zao, kisha wakakikana kwa kuogopa askari. Dhamiri ile ile ilivunjwa mara mbili. Tena shujaa wa kitabu ni yule asiyekubali. Lakini yule aliyechoka, akasema yote, akataja jina la ndugu yake, akarudi kijijini na aibu yake, nani atamwandikia kitabu? Padri atakutana naye mara nyingi kuliko shujaa.

Mtu asiseme kwamba habari hizi ni za Wazungu na ukoloni tu. Baada ya uhuru, Kenya iliendelea kuwafunga watu bila hukumu. Kariuki mwenyewe, akiwa mbunge, aliuawa mwaka 1975. Kambi haibadiliki kwa sababu mwenye funguo amebadilika.

Na sisi wa Bukavu tunajua vita. Mji huu uliviona mwaka 1964, 1967, 1996, 2004 na 2025. Kila mara askari wanapobadilika, wako watu wanaokamatwa kwa sababu ya jina, lugha au neno la jirani. Kisha tunasikia: «Amekubali mwenyewe.» Ndugu mseminari, ndugu katekista, neno hilo lisikutoshe. Uliza: amekubali mbele ya nani, na baada ya kutendewa nini? Ukienda bulokoni, peleka chakula, dawa, habari za nyumbani na sakramenti. Usichukue swali la komanda ukaliingiza katika chumba cha mfungwa, hata ukiombwa kwa upole, hata ukiambiwa ni kwa faida ya amani. Bwana Yezu alijihesabu pamoja na wafungwa, wala hakutuagiza tuulize kwanza kama wana hatia.