Mchoraji Asiyefika Bendera

Bendera iko mashariki mwa Kongo, kaskazini mwa mji wa Kalemie, kwenye barabara inayokwenda Fizi, Baraka na Uvira, na upande wa mashariki milima inalificha Ziwa Tanganyika. Wasomaji wa historia wanaikumbuka kwa mapigano ya Juni 1965, waasi wakisaidiwa na Wakuba wa Che Guevara walipoishambulia kambi ya jeshi iliyokuwa hapo. Watu wa Kalemie wanaikumbuka kwa jambo lenye manufaa zaidi: umeme wao hutoka huko, kwenye mtambo wa mto Kyimbi uliojengwa zama za Mbelgiji.

Mimi huvutiwa na watu wengine kabisa, wale wanaochora sehemu kama hiyo katika OpenStreetMap, ramani ya dunia nzima aliyoianzisha Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004. Yeyote anaweza kuichora, na yeyote anaitumia bure. Wengi huifanya kazi hiyo jioni, baada ya ajira zao, bila kulipwa senti, wakifuata picha za satelaiti.

Chukua ule mto Kyimbi. Sharti uchorwe kutoka mlimani kushuka, kwa kuwa mwelekeo wa mstari ndio unaosema maji yanakwenda wapi. Ukianzia chini, umeyapandisha maji mlima. Nguzo za umeme mkubwa hazionekani vizuri kutoka angani, basi mchoraji fundi hutafuta vivuli vyake, akitoka kivuli hadi kivuli. Bati hung'aa, lakini paa la nyasi hufanana na udongo unaolizunguka, na hapo jicho la haraka huruka nyumba nzima yenye watu ndani. Isitoshe, satelaiti mara nyingi hupiga picha kwa upande, hivyo paa huonekana limesogea kutoka kwenye msingi wake. Mchoraji mvivu huliacha hapo. Aliye fundi hulichora, kisha hulisukuma taratibu mpaka kuta zinapogusa ardhi. Milimani ni taabu zaidi: picha mbili za mahali pamoja huweza kupishana kwa mita kadhaa, ikabidi azilinganishe na nyayo za GPS walizoziacha wapita njia.

Wakongwe wa kazi hii hupenda programu iitwayo JOSM, yenye vitufe vingi na sura ya kompyuta za zamani. Nadhani wana haki ya kuing'ang'ania. Unapakua eneo lako, unachora mtandao ukiwa umekatika, unatuma ukirudi. Huko Kongo hilo si anasa.

Kinachonifanya niwaheshimu hasa ni pale wanapojizuia. Jina la kijiji halionekani kutoka angani, kwa hiyo mchoraji wa mbali hulichora eneo na kuliacha bila jina, mpaka mwenyeji apite na simu au ramani iliyochapishwa, aulize, aandike. Wenye kutamani ya zamani nao wana nafasi yao ndogo: Kalemie inaweza kubeba jina lake la kale, Albertville, kando ya lile la leo. Lakini jengo lililobomoka huondolewa, hata kama babu yako alilijenga.

Kazi yenyewe ina wateja wake. Mwaka 2014 Madaktari Wasio na Mipaka, Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza, pamoja na timu ya OpenStreetMap ya misaada ya kibinadamu, walianzisha Missing Maps, na Lubumbashi ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kuchorwa. Kipindupindu kinaijua Kalemie vizuri. Mganga naye lazima ajue mgonjwa ametoka mtaa upi, na wagonjwa wengine wanachota maji wapi.

Kama umekulia Bendera, uwe Kalemie, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Ulaya, ifungue ramani hiyo utafute mtaa wenu. Ukiukuta hauna jina, andika lile majirani wanalolitumia. Ukikosea si neno: kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la akaunti iliyolifanya, na mwingine atasahihisha.